Upande wa Kulia wa Moyo wa Fundi Springi

Katika mtaa ule wa karakana, nyuma ya duka la mbao, mafundi wa makochi walikuwa wengi lakini mwanamke alikuwa mmoja. Walimwita Springi. Jina alipewa na seremala aliyekuwa akimuundia fremu, na alikuwa na sababu zake. Mwanamke huyu alikuwa hodari wa kufunga springi za makochi ya kizamani, kazi ambayo wengine waliikimbia wakajaza sponji tupu na kumwambia mteja ndiyo mtindo wa siku hizi. Halafu hakuwa mtu wa kutulia. Ukimtupia neno, limekurudia kabla hujafunga mdomo. Alifanya kazi na misumari midogo mdomoni, akiitoa mmoja mmoja kwa ulimi, na bado watu alikuwa anawajibu.

Ufundi aliupata kwa mjomba wake, aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Mumewe alikuwa kinyozi wa barabara ya pili, mrefu, mwembamba, mwenye maneno mengi kama redio, na kichwani kwake nywele timutimu zisizojua chanuo. Watu walipomcheka aliwarudishia methali yao wenyewe: kinyozi hajinyoi. Walikuwa na binti mmoja, kifungua mimba wao, aliyekuwa karibu kuanza shule. Mimba ya pili ilipokuja, tumbo likawa kubwa mpaka Springi akawa anapigilia misumari amekaa ubavu. Wakazaliwa mapacha, wote wasichana, wazima, wenye sauti zao.

Mama mkwe akaja kusaidia. Alikuwa amestaafu upishi wa shule ya bweni, na sauti yake ilikuwa bado inadhani ipo bwaloni. Yeye na mkwewe hawakuchukiana. Walibishana tu, kila siku, juu ya kila kitu: maji ya kuogeshea watoto yawe moto kiasi gani, dirisha lifungwe au liachwe wazi, nani kahamisha sufuria. Kinyozi alisema kwa nyumba kama yake, televisheni ya nini.

Uchovu ulianza kidogo kidogo. Springi alipanda ngazi tatu za mlangoni akasimama kushika ukuta. Akapata kikohozi kikavu ambacho kilizidi akijilaza, mpaka akawa analala amekaa, ameegemea mito aliyoishona mwenyewe. Miguu ikavimba, viatu vikakataa. Kila aliyemwona alikuwa na jibu tayari. Mapacha si mchezo, walisema. Jirani mmoja akalitazama tumbo lake, ambalo badala ya kupungua lilikuwa linajaa tena, akacheka: "Au wa tatu kabaki ndani?" Springi naye akacheka, lakini kicheko kilikatika katikati. Zahanati walimpa dawa ya kikohozi na vidonge vya kuongeza damu, wakamwambia apumzike, kana kwamba mwenye mapacha ana pa kupumzikia.

Aliyeshtuka alikuwa mama mkwe, na kilichomshtua kilikuwa ukimya.

"Nimesema dirisha lifungwe, watoto watapata baridi," alisema asubuhi moja, pacha mmoja begani.

Springi akamtazama, akafungua mdomo, akaufunga. Akaenda mwenyewe akalifunga dirisha, kisha akabaki ameshika fremu yake.

"Nijibu," mama mkwe akasema.

"Nini, mama?"

"Nijibu kama unavyonijibu siku zote. Niambie dirisha ni lako, nyumba ni yako."

"Sina... pumzi... mama."

Bibi akamlaza mtoto kitandani, akamsogelea mkwewe, akamtazama midomo na kucha. Kisha akachukua simu akampigia mwanawe.

"Funga duka uje."

"Mama, nina mteja kwenye kiti, nimemnyoa nusu."

"Mwache hivyo hivyo nusu."

Hospitali kubwa ilikuwa na daktari wa moyo, mwanamke wa makamo aliyevaa raba na kuzungumza polepole, kama mtu anayehesabu mishono. Alimkalisha Springi nusu wima, akaitazama shingo yake, ambapo mshipa ulikuwa umesimama na kupigapiga mpaka chini ya sikio. Akambonyeza muundi wa mguu kwa kidole gumba. Kidole kilipoondoka, shimo lilibaki. Akamgusa chini ya mbavu za kulia, Springi akaruka kwa maumivu. Akaagiza altrasaundi ya moyo, ile ambayo wenyewe huiita eko.

Chumba cha eko kilikuwa na giza na jeli ya baridi. Mpimaji alisogeza kifaa chake kifuani, akabonyeza vitufe, akarudia sehemu ileile, akarudia tena. Springi, aliyezoea kusoma uso wa mteja anayetaka kupunguziwa bei, aliusoma uso ule. Mtu anayerudia kupima mara tatu, alijua, ni kwa sababu hakukipenda alichokiona mara ya kwanza.

Daktari akawaita yeye na mumewe pamoja.

"Ugonjwa huu huwapata baadhi ya wanawake mwishoni mwa mimba au miezi ya mwanzo baada ya kujifungua," alisema. "Moyo unatanuka na kulegea. Hamkukosea kitu, wala hakuna aliyewaroga. Kwa kawaida sisi huutazama kwanza upande wa kushoto, unaosukuma damu mwili mzima. Wako umedhoofika. Hilo nililitegemea. Lakini na wa kulia umedhoofika pia. Huo ndio unaopeleka damu kwenye mapafu. Ukishindwa, damu inarudi nyuma na kurundikana, maji yanajaa miguuni na tumboni, ini linavimba. Ndiyo maana hapa ubavuni panauma."

"Kama springi iliyochoka," Springi akasema, kwa vipande.

"Hapana. Springi ikichoka utaitoa uweke nyingine. Huu tunaupumzisha, na mara nyingi unarudi."

"Mara nyingi ndiyo mara ngapi?"

Daktari hakuyakimbiza macho. "Wengi hurudi kawaida, au karibu na kawaida, kwa miezi kadhaa mpaka mwaka. Wengine hurudi nusu. Wengine hawarudi, na wapo tunaowapoteza. Ingekuwa ni kushoto peke yake, ningekuweka kwenye kundi la kwanza bila kusita. Kulia kukichoka nako, wanaopona kabisa ni wachache zaidi, na wanaopona huchelewa. Nina wasiwasi na wewe zaidi ya kawaida. Lakini wasiwasi wangu si hukumu."

Kinyozi, ambaye hakuna mteja aliyewahi kumkosesha maneno, aliuliza bomba la maji liko wapi. Akaenda, akakaa huko kitambo, akarudi uso umelowa.

Wakamlaza. Wakampa oksijeni, sindano za kukojoza, vidonge vya kuushusha moyo mwendo na vya kuupunguzia mzigo. Wakampa na vidonge vya kukausha maziwa. Daktari alimweleza kwamba kichocheo cha maziwa kinadhaniwa kuuchokoza moyo wenye ugonjwa huu. Springi hakubisha. Alifunga kitambaa kifuani na kukaza fundo mwenyewe, kwa mikono iliyozoea kukaza mikanda ya makochi, akageukia ukutani. Nyumbani mama mkwe akaanza kuwanywesha mapacha kwa chupa. Walikataa mpaka wakachoka kukataa, ndipo wakanywa.

Kitanda cha pili alikuwapo mwalimu wa hesabu, mama wa mtoto mmoja wa kiume, naye na ugonjwa uleule. Maji yalipompungua Springi na pumzi ikamrudia kidogo, wakaanza kuzungumza. Wakalinganisha majibu, kama wanawake wanavyolinganisha bei za vitambaa. Upande wa kushoto wa Mwalimu ulikuwa dhaifu kuliko wa Springi. Wa kulia ulikuwa mzima.

"Basi mimi ndiye wa kuombewa," Mwalimu alisema.

"Tutaombewa wote, sadaka ni moja," Springi akamjibu, na nesi aliyekuwa anapita akawaambia wapunguze kucheka, mashine zinapiga kelele.

Mwalimu aliruhusiwa kwanza. Springi alibaki mpaka tumbo likanywea na mshipa wa shingo ukashuka. Aliporudi nyumbani mapacha walimtazama kama mgeni mwema. Alimpakata mmoja, mtoto akalia. Bibi alipompokea, mtoto akanyamaza. Springi akaenda kukaa kibarazani. Mama mkwe alimfuata na watoto wote wawili, akamweka mmoja kila paja, akaingia ndani, akafunga mlango, na hakuufungua mpaka kilio kilipoisha chenyewe.

Walikutana tena na Mwalimu kliniki, nusu mwaka ulipopita. Mwalimu alitoka chumba cha eko anatabasamu hata kwa walinzi. Moyo wake ulikuwa umerudi, wa kawaida. Springi akaingia, akatoka. Wa kushoto ulikuwa umepanda kidogo sana. Wa kulia ulikuwa unajivuta.

"Hongera, mwenzangu," alimwambia Mwalimu, na alimaanisha. Lakini alipokaa mbele ya daktari, ulimi ulikuwa mchungu.

"Yule alikuwa mgonjwa kuliko mimi. Kushoto kwake kulikuwa kubovu kuliko kwangu. Vidonge tunakula vilevile. Mbona yeye?"

"Nilikueleza siku ya kwanza," daktari akasema. "Upande wake wa kulia ulikuwa mzima. Moyo wenye upande mmoja uliobaki na nguvu una pa kuanzia. Wako uliangushwa pande zote mbili. Hakufanya kitu ambacho wewe hukufanya."

"Kwa hiyo nisubiri."

"Usubiri, umeze dawa, usiinue makochi."

Springi aliitikia. Wiki ileile alikwenda karakana.

Seremala alikuwa ameshampa kazi zake fundi mwingine, mwanamume mwenye mikono mikubwa aliyepigilia pini kama anapigana na mwizi. Springi aliliangalia kochi lililomalizika, akakaa, akainuka. "Hili litabonyea kabla mwaka haujaisha," akasema, akachukua nyundo. Siku hiyo alivuta mikanda miwili, akapumzika. Kesho yake alivuta mitatu. Watu wa mtaa wakafurahi. Wakasema Springi karudi, na yeye akaanza kuamini.

Tatizo lilikuwa choo. Vidonge vya kukojoza vilimpeleka haja kila mara, na choo cha karakana kilikuwa upande wa pili wa duka la mbao, kupita kwenye mashine za kupasulia, mbele ya macho ya wapakiaji walioketi juu ya magogo. "Fundi, leo tena?" walimwuliza, na mmoja akaanza kumpigia saluti kila akipita. Akaacha kidonge cha asubuhi siku za kazi. Kisha akakiacha kabisa. Alijisikia vizuri, na aliyejisikia vizuri, alijiambia, anameza dawa za nini?

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Springi aliumbuliwa na kochi la watu wawili. Wateja walikuwa wanasubiri, seremala alikuwa ametoka, na yeye akashika ncha moja alisogeze tu, si kuliinua. Walimkuta amekaa chini ameliegemea, midomo imebadilika rangi. Wapakiaji walewale waliokuwa wakimtania ndio waliombeba mpaka barabarani. Aliyekuwa akimpigia saluti alimshikia viatu, ambavyo vilikuwa vimembana tena.

Daktari alimpokea bila kupandisha sauti. Alibonyeza muundi, akalitazama shimo. Eko ilionyesha upande wa kulia umetanuka zaidi ya ulivyokuwa mwezi ule wa kliniki.

"Ulimeza dawa?"

"Nyingine nilimeza."

"Za kukojoza?"

Springi akatazama dari. "Choo kiko mbali, daktari. Na wanaume wanakaa njiani."

Daktari alikaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. "Nina wagonjwa ambao siwezi kuwasaidia hata nikifanya nini," alisema. "Wewe umelala hapa kwa sababu ya choo. Hiyo ningeitatua kwa neno moja. Kimeze alfajiri, mpaka saa nne kazi yake imekwisha, halafu nenda kokote unakotaka. Kwa nini hukuniambia?"

Springi akavuta shuka mpaka kidevuni.

Safari hii alikaa wodini muda mrefu kuliko ile ya kwanza. Kulikuwa na siku mbili tatu ambazo daktari alipita kitandani kwake kabla ya wengine, na mama mkwe alimleta kifungua mimba aje amwone mama yake, amevaa gauni la sikukuu. Springi alilielewa gauni: mtoto ameletwa kuaga. Alimwambia binti amsomee herufi za kwenye ubao wa wodi. Binti akasoma zote, mbili akazikosea.

Akavuka. Siku ya kuruhusiwa daktari akawaita tena wote wawili, akawaambia jambo la mwisho waziwazi: mimba nyingine isije. Moyo uliokwisha kuanguka hivi, tena bila kurudi kawaida, ukibebeshwa mimba unaweza usiinuke. Wakapewa maelezo ya njia za kuzuia, ya ipi ingemfaa mwenye moyo dhaifu na ipi isingemfaa. Kinyozi alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mimi je?" akauliza. "Yangu ipo?"

"Ipo," daktari akasema. "Ni ndogo, na huwa unakwenda nyumbani siku hiyohiyo. Ila haina kurudi nyuma. Mkafikirie."

Njiani Springi alimwambia asifanye haraka. Yeye bado kijana. Lolote likitokea, atataka kuoa, na huyo mwingine atataka watoto. Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayejadili rangi ya kitambaa.

"Ukifa nitaoa bibi kizee," Kinyozi akajibu. "Asiye na meno. Asiweze kunijibu."

Baada ya hapo hakulitaja tena. Siku moja duka lake lilifunguliwa mchana badala ya asubuhi, na kwa siku kadhaa akawa anakaa taratibu kidogo. Springi hakuuliza mbele ya mama.

Neno lilitoka lenyewe, dukani. Springi alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, anamsubiri mumewe waende pamoja nyumbani. Kitini alikuwapo muuza vipuri, mdomo wake haujawahi kupata likizo. Alikuwa anasimulia habari za jamaa mmoja wa kazini kwake aliyekwenda kufungwa uzazi.

"Mwanamume mzima!" alisema, povu mpaka masikioni. "Sasa huyo ni nini? Jogoo asiyewika. Mimi hata nisingempa mkono."

Waliokuwa wakisubiri wakacheka. Kinyozi alikuwa na wembe chini ya kidevu cha msemaji. Akautuliza hapo, haukusogea.

"Mkono wangu unauonaje?" akauliza.

"Mkono gani?"

"Huu ulioshika wembe. Nami nimefunga, mwezi uliopita. Sasa niendelee, au hunipi shingo?"

Muuza vipuri alitazama kwenye kioo, akamwona mke wa kinyozi nyuma yake benchini, na kwa kuwa mtaa mzima ulijua habari za moyo wake, akaelewa. Alimeza mate kwa uangalifu mkubwa.

"Endelea, ndugu yangu," akasema.

Kinyozi akaendelea. Alimnyoa vizuri kuliko siku zote. Springi aliinamisha kichwa, akahisi uso wake umepata moto. Hakujua kama ni aibu au ni kitu kingine.

Jioni ileile habari zilikuwa zimefika nyumbani kabla yao. Mama mkwe alikuwa ameketi, pacha mmoja anamvuta kitambaa cha kichwa, mwingine anatafuna kijiko cha mbao. Kinyozi akasimama mlangoni kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Nilikuwa na mpango wa mjukuu wa kiume," bibi akasema. Akaishika mikono iliyokuwa inamvua kitambaa. "Lakini hawa watatu wenyewe wameshanimaliza. Ingieni ndani, chakula kinapoa."

Springi hakurudi kuvuta mikanda. Seremala alimletea cherehani nyumbani, akawa anakata na kushona mavazi ya makochi: mito, foronya, vifuniko, kazi ya kukaa. Alimeza kidonge alfajiri, na saa nne ilipofika alikuwa huru. Yule fundi mwenye mikono mikubwa akawa anamletea fremu mpaka mlangoni ili amwonyeshe namna ya kufunga springi. Alimfundisha akiwa amekaa kitini, kwa maneno na fimbo, na maneno yalikuwa mengi kuliko fimbo.

Mwaka wa pili ulipokaribia kuisha, akalala tena kwenye chumba chenye giza na jeli ya baridi. Mpimaji alikuwa yuleyule. Safari hii alipima mara moja, akafuta kifaa.

"Wa kulia umerudi," daktari akawaambia. "Kawaida kabisa. Wa kushoto umepanda, ila haujafika, na sidhani utafika. Sitakwambia umepona. Dawa utaendelea nazo, na mimi utaendelea kuniona."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mmoja wetu astaafu."

Springi akatia vidonge vyake kwenye mkoba, akamshukuru, akatoka. Nje ya geti simu yake ikaita. Alikuwa seremala: hoteli fulani ilitaka viti vya chumba cha kulia na makochi ya mapokezi, vyote, na mwenye hoteli alisema bila Springi hatoi kazi.

"Viti nitashona," Springi akamwambia. Alikuwa amesimama, anapumua taratibu, mumewe pembeni ameshika mwavuli. "Makochi mpe yule wa mikono mikubwa."

"Mwenye hoteli hatapenda."

"Atapenda tu. Mwambie nimemfundisha mimi."

Akakata simu. Barabara ya kwenda kituoni ilikuwa ya kupanda. Kinyozi alitaka kuita pikipiki. Springi akaitazama ile barabara, akasema waipande, ila wapumzike kwenye ukuta wa nusu njia, na wakaanza kwenda.